Si Jogoo Aliyelichomoza Jua

2 Februari

Mume wangu Randa,

Nimefika salama. Basi lilituacha njia panda saa nane mchana, na kipande kilichobaki nikakimaliza juu ya lori la shule, kati ya magunia ya unga na godoro jipya la mwalimu wa hesabu. Nililikalia godoro lenyewe njia nzima. Mwenyewe hajui, na wewe usimwambie mtu.

Mambo ya simu ni yale yale, hadi upande kilima cha tangi la maji ndipo upate alama moja ya mtandao, nayo inakuja na kuondoka kama mgeni asiyeamua kuketi. Kwa hiyo tuendelee na barua. Dereva wa lori huzipeleka posta kila akienda kuchukua vyakula.

Sijasahau ulichoniambia pale kituoni. "Usiniandikie habari za mimi mzima hofu kwako. Hizo nazijua kabla sijachana bahasha. Niandikie unachofundisha. Mimi niliishia darasa la saba, nataka nijue huko mbele mlikuwa mnakula nini." Haya, mwanafunzi wangu, kaa vizuri.

Wiki hii kidato cha tatu wameanza tamathali za semi. Tashbihi ni kufananisha vitu viwili kwa neno la kuviunganisha: kama, mithili ya, utadhani. Sitiari inaliondoa hilo neno. "Mume wangu ni mkimya kama ubao" ni tashbihi. "Mume wangu ni ubao" ni sitiari. Huo ni mfano tu, usininunie. Tashihisi ni kukipa kitu kisicho na uhai mwenendo wa mtu: upepo unanong'ona, njaa inabisha hodi.

Mwaka huu nimekabidhiwa pia chama cha mdahalo. Zoezi lako ni kutunga mfano mmoja wa kila aina. Usimwibie mtu.

Mkeo,
Chaki


19 Februari

Mwalimu,

Zoezi nimelifanya mchana, nimekaa juu ya rundo la mbao, na penseli ile ya kupimia. Ukiona vumbi ndani ya bahasha, usifikiri ni uchawi.

Tashbihi: Kitanda chetu kimekuwa kipana kama uwanja wa mpira, na mimi ni golikipa ambaye hakuna anayempigia mpira. (Hapo mwisho sijui kama nimeingia kwenye sitiari. Kama nimeingia, nisamehe, mlango ulikuwa wazi.)

Sitiari: Yule mama wa kabati la vioo ni kupe. Kabati amelichukua tangu mwaka jana, lakini kila wiki anarudi kuniambia mlango wa kushoto unampa huzuni.

Tashihisi: Bawaba ya mlango wa jikoni inaniuliza uko wapi kila nikiufungua. Ningeweza kuitia mafuta. Siitii.

Sasa na mimi nina swali. Mwezi wa tano unatimiza miaka miwili huko. Hivi hiyo ofisi ya elimu, kati ya walimu wote wa lugha waliojaa mjini, wenye nyumba na wasio na nyumba, ilipitishaje kidole kwenye orodha kikasimama kwako? Fundi bomba jirani yangu anasema walimu wake wa mtaani hawajaguswa hata mmoja. Nikikutana na aliyekuhamisha nitampa kiti chenye miguu mitatu akalie.

Mumeo,
Randa


11 Machi

Randa wangu,

Tisa juu ya kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya bawaba. Itie mafuta, watu watafikiri fundi hana mkono.

Nimemcheka golikipa mpaka mwalimu wa hesabu akagonga ukuta. Kuta zetu hapa ni nyembamba, na yeye husahihisha kwa kuhesabu kwa sauti.

Mambo ya ofisi ndivyo yalivyo, mume wangu. Mtu hupewa karatasi, anakwenda. Tusiwape watu wale nafasi kwenye barua zetu.

Somo la leo ni tasfida. Ni kulivika jambo zito au la aibu maneno laini. Hatusemi fulani amekufa, tunasema ametutoka. Hatusemi amelewa, tunasema amechangamka. Wanafunzi wamelipenda somo hili kupita kiasi. Jana mmoja aliniambia kazi yake ya nyumbani "imepumzika".

Kwenye mdahalo tumeingia hoja potofu, zile hoja zinazoonekana zimenyooka kumbe ndani zimeoza. Ya kwanza ni kumshambulia msemaji badala ya anachosema: "Huyu anazungumzia usafi na viatu vyake mwenyewe hivyo?" Ya pili ni kukimbilia wingi: "Kila mtu anajua, kwa hiyo ni kweli." Ya tatu naiita njia mbili tu. Msemaji anakufungia kwenye chumba, anakuonyesha milango miwili, na wa tatu ameuficha nyuma ya mgongo wake. "Ama unaunga mkono kengele ya asubuhi, ama unataka shule ife."

Kuna msichana mmoja tunamwita Wakili. Mdogo wa umbo, sauti ya kuazima kwa mtu mzima. Akisimama, wenzake wanaficha karatasi zao.

Kula. Sema ukweli, unakula?

Chaki


6 Aprili

Mwalimu wangu,

Nakula. Najipikia, na sufuria inanilaumu (tashihisi).

Hizi hoja potofu zako zimeniletea balaa. Mama wa kabati alikuja akasema, "Fundi, mafundi wote wazuri hurudi kurekebisha bure." Nikamwambia, mama, hapo umekimbilia wingi. Akaniuliza kama nimeanza kunywa.

Na mimi nimetunga moja ya njia mbili tu. Isahihishe.

"Mke wangu akinipenda, ataomba arudishwe nyumbani. Asipoomba, hanipendi."

Najua imeoza, nimeinusa mwenyewe. Lakini nimekaa na penseli tangu saa tatu nikiutafuta huo mlango wa tatu, na sijauona. Wewe ndiye mwalimu. Nionyeshe.

Randa


14 Mei

Chaki,

Lile swali langu la mwezi wa nne hukunijibu. Barua yako ya mwisho ilikuwa kuhusu takriri na mvua. Sawa.

Nina jingine. Mtu akisema jambo la kweli, lakini akaacha nusu yake makusudi ili msikilizaji aelewe vingine, hilo linaitwaje kitabuni? Ni uongo, au lina jina zuri zaidi?

Nauliza tu.

Randa


27 Mei

Mume wangu,

Barua yako fupi ilinitia wasiwasi, nikaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki. Unaumwa? Au mama wa kabati amekutibua?

Kitabuni huitwa ukweli nusu. Wengine huuweka kwenye hila za ushawishi, kwa sababu kila neno lake ni la kweli. Uongo wake uko kwenye kilichonyamaziwa. Umelipata wapi swali zuri namna hii?

Nikwambie kilichonipata Alhamisi. Nilikuwa nafundisha ile hoja potofu ya kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha. Nikatoa mfano wangu wa kila mwaka: jogoo amewika, kisha jua likachomoza, kwa hiyo jogoo ndiye aliyelichomoza jua. Wakacheka. Nikawaambia nao watoe mifano yao. Mmoja akasema alivaa soksi nyekundu timu yake ikashinda. Mwingine akasema habari za paka.

Kisha Wakili akasimama. Akasema, "Mwalimu, mama alibeba ndoo ya maji. Kesho yake mtoto akatoka kabla ya siku zake, akiwa amekufa. Watu wa nyumbani wakasema ndoo ndiyo iliyomuua. Mpaka leo mama hashiki ndoo. Mwalimu, hiyo ni hoja potofu, au ni kweli?"

Darasa lote likanitazama. Nikasema, "Ni hoja potofu. Kufuatana si kusababisha." Akauliza, "Una hakika, mwalimu?" Nikasema nina hakika. Kisha nikashikwa na kizunguzungu, nikawapa kazi ya kunakili, nikatoka nje nikaegemea tangi.

Ni joto tu. Usiwe na hofu.

Mkeo,
Chaki


8 Juni

Mke wangu,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya ofisi yako. Ilikuja kwenye sanduku letu la posta tarehe kumi Mei. Niliifungua nikidhani ni ya mteja, jina la mbele lilikuwa limelowa.

Usome mstari wa pili. Nimeusoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. "Kwa kuzingatia ombi lako mwenyewe la kuhamia kituo cha mbali." Ombi lako mwenyewe. Kumbe hakuna kidole kilichopita kwenye orodha. Mimi niliyewatukana watu wale mbele ya mtaa mzima, na fundi bomba akanisaidia kuwatukana, ndiye mjinga. Wewe uliomba. Ulikaa mezani kwetu, labda mimi niko uani naranda, ukaandika uniondokee, kisha ukaniambia "nimehamishwa" huku machozi yanakutoka. Hilo neno ni tasfida, mwalimu?

Sasa usome mstari wa mwisho. Wanasema miaka miwili imetimia, ukitaka kurudi uwajibu kabla ya tarehe thelathini na moja Mei.

Leo ni tarehe nane Juni. Nilikuwa nayo barua muda wote. Sikuisahau, sitaki nikudanganye. Kila nilipopita posta nilisema nitaituma, halafu nikasema moyoni, kwani yeye aliniuliza? Siku ya mwisho nilikuwa nafunga dirisha la mteja na saa ukutani kwake, nikaiangalia mpaka ofisi zikafungwa.

Ubaya huo ni wangu. Ule mwingine ni wako. Jogoo na jua sina haja navyo leo. Niambie kwa nini.

Randa


24 Juni

Randa,

Nimeandika barua nne nikazichana. Hii sitaichana hata ikiwa mbaya.

Ni kweli niliomba. Nilijaza fomu mwezi wa kwanza, shuleni, si mezani kwetu. Mezani kwetu nisingeweza. Ni kweli nilikudanganya, na machozi uliyoyaona hayakuwa ya uongo. Vyote viwili.

Unataka sababu. Novemba ile nilikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi ulisimama mlangoni, mkono umejaa vumbi la mbao, ukaniambia, "Leo pumzika, waache wengine wasimamie huo mtihani." Nikakujibu ni saa tatu tu, naweza kuketi. Sikuketi. Walimu tulikuwa pungufu, nikasimama saa zote tatu kati ya madawati. Kesho yake maumivu yakaanza.

Hospitali nakumbuka vipande. Nakumbuka kiti cha bluu, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Nakumbuka walipokuja kukuambia, ukarudi pale nilipolala, ukanitazama ukasema, "Si nilikuambia usiende?"

Hukusema kitu kingine. Siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mpaka leo. Ulirudi kwenye kazi zako. Watu walikuja wakaondoka, wakaniambia nisiulize maswali, nitapona haraka. Nikawa nasikia ndani ya nyumba ile sauti ya randa yako kutwa nzima, na swali lile chini yake.

Nafundisha kwamba swali la balagha ni swali lisilohitaji jibu. Wanafunzi huandika hivyo na mimi huwapa vema. Lakini lile la kwako nimelijibu kila siku. Ndiyo, uliniambia. Ndiyo, nilikwenda. Ndiyo, nilisimama. Nikaona siwezi kukaa na mtu anayejua kwamba nimemuua mtoto wake na ana heshima ya kutolirudia. Ningepata tusi ningebaki. Nilikimbia ule ukimya wako mzuri.

Kisha Wakili ananiuliza nina hakika, na mimi namwambia nina hakika. Nje kwenye tangi nililia kwa sababu niliyaamini maneno yangu kwa ajili ya mama yake, na kwa ajili yangu sikuweza.

Ile barua ya ofisi siwezi kukukasirikia. Nimejaribu. Nilichokasirikia ni kwamba nilipoisoma, moyo ulinidunda kwa furaha kabla sijafika kwenye tarehe.

Mlango wa tatu ndio huo. Mwanamke anakupenda, na haombi kurudi.

Chaki


9 Julai

Mke wangu,

Barua yako nimeipokea Jumatatu. Nilifunga karakana. Mama wa kabati alikuja akanikuta nimekaa kizingitini, akauliza kuna nini, kisha, Mungu ambariki, akaketi pembeni yangu hakuutaja mlango wa kushoto.

Nitaandika pole pole. Mengine sijawahi kuyasema kwa mdomo.

Neno lile nililisema, nami nalikumbuka. Lilinitoka kabla sijajua kwamba lina ncha. Nilikuwa nimetoka kuambiwa, na ndani yangu palikuwa na shimo, nikatafuta cha kutupia mle, wewe ndiye uliyekuwa karibu. Nilipoona uso wako nilitaka kulirudisha. Halirudi. Nikaona nikifungua tena kinywa litatoka baya zaidi, nikakifunga. Uliuita ukimya mzuri. Haukuwa na uzuri wowote. Ilikuwa hofu.

Sasa sikiliza hili. Kesho yake, wewe ukiwa na homa kali hujitambui, daktari aliniita chumbani kwake. Yule mama mrefu mwenye miwani. Alinieleza kwamba kamba ya kitovu ilijizungusha shingoni mwa mtoto, mara mbili. Nikamuuliza kuhusu kusimama. Akasema, "Baba, hata angelala kitandani miezi yote saba, ingekuwa vile vile. Mwambie mkeo asijilaumu."

Mwambie mkeo. Nilidhani yeye naye alikuambia ulipopata nafuu. Kisha nikasema nisilichokonoe, usije ukaumia upya. Miaka miwili na nusu, Chaki, wewe umebeba kosa ambalo mimi nilikuwa na hati ya kulifuta, na nilikaa nayo kwa sababu siwezi kuzungumza. Kama kuna jina la hilo kitabuni, liandike jina langu mbele yake.

Kuna lingine. Muuguzi aliniuliza kama nataka kumwona. Nikasema ndiyo. Alikuwa msichana. Hawakukuambia kwa sababu mimi niliwaomba wasikuambie mpaka nikuambie mwenyewe. Nilimshika kwa muda niliopewa. Alikuwa na paji lako la uso, hili pana, na nywele nyingi kuliko nilivyotegemea. Mkono wake mmoja ulikuwa umefumba. Nilitaka kuufungua, nikaona nimwache na alichoshika.

Sanduku lake nililitengeneza mimi, kwa zile mbao nilizoweka kando kwa ajili ya kitanda chake. Nilipiga randa mpaka zikawa laini pande zote, hata za ndani ambazo hakuna atakayeziona. Ile sauti uliyosikia kutwa, siku za kwanza, haikuwa kazi ya wateja. Nilikuwa sijui kuacha.

Najua alipo. Huwa naenda kila mwezi wa kumi na moja. Ukiwa likizo nilikuwa nakudanganya kwamba naenda kuangalia mbao.

Jana nilikwenda ofisini kwenu. Nilimwambia karani ni mimi niliyechelewesha barua, si wewe, na aandike hivyo. Amesema hakuna njia mpaka maombi ya Januari. Kama utataka kuomba. Sikuwekei milango. Nikisikia unabaki, nitakuja huko kila shule ikifungwa na kila nikipata siku mbili, nitakalia godoro la mwalimu wa hesabu.

Nimekukosea vibaya sana. Hapo sijatumia tamathali.

Randa


25 Julai

Baba yake,

Dereva alinipa barua yako nje ya ghala, nikaisoma nimesimama, kisha nikakaa chini pale pale kwenye kokoto. Mpishi wa shule akaja kuniinua. Nikamwambia nilikuwa na binti. Ni mara ya kwanza nalisema neno hilo kwa mtu. Hakuniuliza binti gani wala lini. Alikaa nami.

Msichana. Miaka hii nilikuwa nikimwaza hana sura, nikiota mtu ananipa nguo iliyokunjwa na ndani hamna kitu. Sasa ana paji la uso. Ana nywele. Nimekaa na kioo kile kidogo nikijitazama hapa juu ya nyusi kama mjinga.

Sijui kama nimekusamehe yote, wala sijui kama wewe umenisamehe. Kuna asubuhi naamka na hasira kwamba ulimshika na mimi sikumshika. Nakuambia ili isikae kimya. Halafu namshukuru Mungu kwamba kulikuwa na mikono ya mmoja wetu.

Nilimwita Wakili jana. Nikamwomba, akienda nyumbani, amwambie mama yake kwamba mwalimu amesema ana hakika. Akasema, "Mwalimu, ulishasema." Nikamwambia sasa nasema tena.

Fomu ya Januari nitaijaza mbele yako, kalamu tutaishika kwa zamu.

Shule inafungwa tarehe nane Agosti. Basi litaingia saa tisa mchana, jua litakuwa bado juu. Njoo kituoni. Begi langu ni jepesi, nitalibeba mwenyewe. Tusipitie nyumbani kwanza.

Nipeleke kwake.

Mama yake